Jaji Cross wa Mahakama Kuu na safari zake 80 za vitani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Nikisoma hukumu za Mahakama Kuu ya Tanzania za miaka ya 1968 na 1969 nakutana mara kwa mara na jina la Jaji Cross. Mwenzangu wa bweni ananiambia huyo alikuwa mtu mweusi, rubani aliyepiga mabomu Berlin wakati wa Hitler. Nimeona ananipiga soga. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu wa namna hiyo alifikaje kukaa kwenye kiti cha ujaji hapa kwetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakukupiga soga. Kakosea jambo moja tu: Cross hakuwa rubani. Alikuwa nevigeta, yule anayekaa ubavuni mwa rubani akiwa na ramani, penseli na saa, akimwambia ageuke upande gani na dakika ipi. Watu wakisikia habari za ndege za vita wanamwona rubani peke yake, na waliobaki wanawachukulia kama abiria. Ukikielewa kiti cha nevigeta utamwelewa Cross, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo.

Philip Louis Ulric Cross alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 1 Mei 1917. Alisoma St Mary's College, shule ya wenye vichwa vyao pale kisiwani, lakini mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 13, na baada ya hapo masomo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Akafanya kazi kwenye gazeti la Trinidad Guardian, akawa karani katika ofisi ya wakili, kisha akaingia Shirika la Reli. Mwaka 1941, akiwa na miaka 24, akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Alipoulizwa uzeeni kwa nini alikwenda, jibu lake lilikuwa la kisiasa moja kwa moja: ufashisti ulikuwa unaimeza dunia, Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na yeye hakutaka kukaa akitazama. Aliongeza pia, kwa ukweli wa kijana, kwamba alitaka kutoka akaone dunia.

Usipite haraka kwenye maneno "akajiunga na RAF". Kabla ya vita, kanuni za Uingereza zilitaka mtu anayepewa kamisheni, yaani cheo cha uafisa, awe na asili halisi ya Kizungu. Oktoba 1939 kizuizi hicho kiliondolewa, tena kwa kipindi cha vita tu. Hawakukiondoa kwa mapenzi, walihitaji watu. Kwa hiyo kijana mweusi wa Trinidad akaweza kufunzwa chuo cha Cranwell, akatoka na nyota za uafisa, na hatimaye akapanda hadi Squadron Leader, cheo kinacholingana na meja wa jeshi la nchi kavu. Linganisha na wazee wetu wa Keya. Askari wa King's African Rifles walipigana Habeshi, Madagaska, na mwaka 1944 wakaingia kwenye matope ya Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na katika vita vyote vile hakuna Mwafrika wa KAR aliyepewa kamisheni. Dola ilikuwa moja na mfalme mmoja, ila kila koloni lilikuwa na mlango wake, na wa kwetu ulikuwa mfupi kuliko wa Trinidad.

Cross alipelekwa Skwadroni ya 139, iliyopewa jina la Jamaica. Usidhani ilikuwa ya Wajamaika. Mwaka 1940 wasomaji wa gazeti la Gleaner la Kingston walianza kuchanga fedha za kununulia ndege za mabomu, Uingereza ikashukuru kwa kuipa skwadroni moja jina la kisiwa chao. Jina lilitoka kwa wachangaji. Waliokuwa wakiruka wengi walikuwa Waingereza.

Ndege yao ilikuwa de Havilland Mosquito, na ni ndege ya ajabu. Wakati ndege nyingi za vita zinatengenezwa kwa metali, hii ilikuwa ya mbao: mti mwepesi wa balsa katikati, plaiwudi ya birch nje na ndani, gundi, na injini mbili za Merlin. Viwanda vya samani viliingizwa kazini kuchonga vipande vyake. Ile ya kubeba mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Ulinzi wake ulikuwa mbio, zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikibanwa. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya wakati ule, ilichukua watu 7. Mosquito ilichukua wawili, wamebanana bega kwa bega, nevigeta upande wa kulia, kiti chake kikiwa nyuma kidogo ya cha rubani. Mlango ulikuwa sakafuni, karibu na miguu ya nevigeta, mdogo kiasi kwamba kutoka na parachuti kifuani ndege ikiwa inaanguka kulihitaji bahati.

Sasa kazi yenyewe. Wanaondoka Upwood, kituo cha mashariki mwa Uingereza, wanakwenda Berlin, takribani kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, ingawa hakuna aliyekwenda kwa mstari ulionyooka, kwa sababu adui angejua mapema unakoelekea. Ni usiku. Chini miji yote imezimwa taa. Nevigeta ana ubao mdogo magotini, ramani juu yake, taa hafifu ya kuficha. Ndege inakula zaidi ya kilomita 8 kila dakika. Mambo ambayo ana hakika nayo ni mwendo wa ndege hewani, upande inaoelekea na saa. Asilolijua ni upepo, na upepo wa juu kule si wa kupepea kanzu. Ukikupiga ubavuni kilomita 100 kwa saa bila wewe kugundua, baada ya nusu saa uko kilomita 50 nje ya njia, rubani wako ana imani kamili yuko Berlin, na mabomu yanaangukia mashamba ya viazi.

Kwa hiyo nevigeta anatafuta mahali alipo tena na tena. Wengi walifunzwa kufanya hivyo kila baada ya dakika 6, kwa sababu dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, na hesabu zake ni nyepesi kichwani. Anapata nukta, anailinganisha na pale alipotegemea kuwa, tofauti ya nukta hizo mbili ndiyo upepo, anapiga hesabu upya, anampa rubani nyuzi mpya za dira. Kabla hajamaliza kufuta ya kwanza, dakika 6 nyingine zimekwisha. Chombo cha redio kilichoitwa Gee kilisaidia, lakini Wajerumani walikuwa wakivuruga mawimbi yake, hivyo kadiri ulivyoingia ndani ya bara ndivyo kilivyokuacha. Baadaye zikaja Mosquito zenye rada ya H2S, iliyoonyesha ardhi kwenye kioo kidogo: maji meusi, miji ikimetameta, na katikati yake vivuli vya kubahatisha. Na hayo yote anayafanya huku kurunzi za ardhini zikiipapasa ndege na mizinga ikipasuka pembeni. Rubani ana usukani wa kushika. Hofu yake inapata kazi ya kufanya. Nevigeta anatakiwa agawanye kwa usahihi.

Skwadroni ya 139 ilikuwa imeingia kwenye kikosi cha watangulizi wa njia, Pathfinder Force, katikati ya mwaka 1943. Hao walikwenda mbele ya wenzao na kudondosha mioto ya rangi, myekundu au ya kijani, mahali ambapo waliokuwa nyuma walipaswa kulenga. Nevigeta wa kawaida akikosea, ndege moja imepotea. Nevigeta wa watangulizi akikosea, msafara mzima unakosea pamoja naye.

Cross alifanya safari 80 za namna hiyo, zaidi ya 20 kati yake kwenda Berlin. Mwanzoni zilikuwapo pia safari za mchana za kuruka chini kabisa, mita 15 hivi kutoka ardhini, kukwepa rada. Mara saba ndege yake ilitua kwa kuanguka. Usiku mmoja injini moja ilipigwa wakiwa juu ya Ujerumani, wakarudi na ile iliyobaki huku wakishuka polepole, wakafika kituo cha Swanton Morley, ndege ikapita mwisho wa njia na kuishia ndani ya machimbo ya zamani. Wakatoka wote wawili wazima.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana yeye mwenyewe angeifanya. Wanaanga wapatao 125,000 walitumikia Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, na 55,573 walikufa. Ni 44 katika kila 100. Mosquito zilipona zaidi kuliko ndege kubwa. Lakini hata tukisema hatari ilikuwa 1 kwa 100 tu kila safari, mtu akienda mara 80 nafasi yake ya kubaki hai inashuka chini ya nusu. Hakulazimishwa kufika huko. Angeweza kupumzishwa mapema, akachagua kuendelea. Alipewa nishani mbili za kijeshi za Uingereza, DFC ya ushujaa angani mwaka 1944 na DSO ya utumishi uliotukuka mwaka 1945, na maelezo ya hiyo ya pili yalitaja waziwazi uwezo wake wa kipekee katika unevigeta. Hapo walimpatia.

Hukuniuliza, lakini najua litakuja: yale mabomu yaliwaangukia nani? Yaliangukia viwanda, reli, na nyumba za watu. Hamburg peke yake, Julai 1943, zaidi ya watu 30,000 walikufa katika siku chache, wengi wao raia. Waingereza wenyewe walilionea aibu jambo hilo kwa miongo mingi. Kumbukumbu kubwa ya wanaanga hao jijini London haikufunguliwa hadi Juni 2012, miaka 67 baada ya vita. Mimi sioni haja ya kumsafisha Cross wala kumshitaki. Alikwenda kupigana na dola iliyokuwa ikiwachinja watu kwa sababu ya asili ya damu yao, na angekuwa wa kwanza kuwekwa chini na dola hiyo kama ingeshinda. Silaha aliyopewa haikuchagua kati ya askari na mtoto. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa sheria anapaswa kuzoea kubeba mambo mawili ya kweli yasiyopatana.

Sasa njia ya kuja Tanzania. Hapa kuna jambo ambalo limenivutia kwa miaka mingi. Wapo watu weusi wengine walioketi kiti kilekile cha nevigeta. Errol Barrow wa Barbados alikuwa nevigeta wa RAF; akasoma sheria, akawa Waziri Mkuu aliyeipeleka nchi yake kwenye uhuru mwaka 1966. Johnny Smythe wa Freetown alikuwa nevigeta. Akatunguliwa Novemba 1943, akafungwa kambini Ujerumani, akasoma sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Cy Grant wa Guyana alikuwa nevigeta. Akatunguliwa 1943, akafungwa, akasoma sheria, na aliponyimwa nafasi katika ofisi za mawakili London akageukia uigizaji na muziki. Na Cross akawa wakili mwaka 1949 katika chuo cha mawakili cha Middle Temple. Wanne, kiti kimoja, fani moja. Unaweza kusema RAF iliwaweka wenye hesabu nzuri kwenye unevigeta na hao ndio wangefaulu sheria hata hivyo. Kuna ukweli. Lakini fikiria pia kwamba hawa walirudi wakiwa na nishani kifuani, wakakuta makoloni yao yangali makoloni, na chombo kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa sheria.

Cross alipotoka angani aliwekwa Wizara ya Makoloni kama afisa wa kuunganisha wizara na wanajeshi waliotoka makoloni. Akarudi Trinidad kuwa mshauri wa sheria serikalini, kisha London tena, ambako kati ya 1953 na 1956 alitengeneza vipindi vya mazungumzo BBC. Ghana ilipopata uhuru 1957 akaenda huko, akawa wakili wa serikali na kufundisha sheria ya jinai. Kutoka hapo akahamia Kameruni Magharibi, sehemu iliyokuwa chini ya Waingereza na kuungana na Kameruni ya Wafaransa mwaka 1961, akawa Mwanasheria Mkuu wake. Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika: taifa moja, sheria za Kiingereza upande huu, za Kifaransa upande ule, na wewe katikati.

Mwaka 1967 akaja Dar es Salaam kuwa Jaji wa Mahakama Kuu.

Kwa nini tulimhitaji? Kwa sababu wakoloni hawakutuachia wanasheria. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14. Hao walihitimu 1964. Ifikapo 1967 aliyekuwa mkongwe kati yao alikuwa na miaka mitatu kazini. Huwezi kumpandisha kiti cha Mahakama Kuu. Mwalimu Nyerere alikuwa na njia mbili: kuendelea na majaji wa kikoloni peke yao, au kutafuta weusi wenzetu waliokwisha kupikika kwingine. Alichukua yote mawili, lakini juu kabisa akamweka Telford Georges, aliyezaliwa Dominica na kutumikia ujaji Trinidad, akawa Jaji Mkuu wetu kuanzia 1965 hadi 1971.

Wala hao hawakuwa wa kwanza kutoka ng'ambo ile. Utakutana katika hukumu hizohizo na Jaji Seaton. Huyo ni Earle Seaton wa Bermuda, aliyekuwa wakili Moshi tangu enzi za mkoloni, na mwaka 1952 alisafiri na Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kupeleka malalamiko ya Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao Engare Nanyuki. Mwenzake pale Moshi alikuwa Dudley Thompson wa Jamaika, naye afisa wa RAF wakati wa vita, ambaye alisaidia kukusanya mawakili wa kumtetea Jomo Kenyatta Kapenguria. Kwa hiyo Cross aliposhuka uwanja wa ndege Dar es Salaam alikuta njia imekwisha fyekwa na watu wa kwao.

Alifika mwaka wa Azimio la Arusha, na hakuishia kusikiliza rufaa za wizi wa ng'ombe. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Kudumu la Kazi, lililoundwa kwa sheria ya 1967 kuamua migogoro ya waajiri na wafanyakazi, na alifundisha sheria Chuo Kikuu. Baraza lile ndilo ningelichunguza kama ningekuwa wewe. Serikali ilikuwa imeamua nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5 kwa mwaka, ili mapato ya mjini yasimwache mkulima nyuma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa chini ya TANU. Mgomo ulikuwa umefungiwa njia kiasi kwamba kisheria ulikuwa karibu hauwezekani. Mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa na mfanyakazi mbele yake, sera ya taifa nyuma yake, na uhuru wa jaji ukiwa kitu cha kulindwa kila siku. Wako wanaoliona baraza lile kama kufuli lililotiwa vyama vya wafanyakazi. Mimi naona hivyo pia kwa sehemu kubwa, ila sidhani aliyekalia kiti chake alikuwa mshika funguo tu.

Mwaka 1971 Georges aliondoka, Augustine Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania, na Cross naye akarejea Trinidad. Huko alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, akapanda Mahakama ya Rufaa 1979, akaongoza tume ya kurekebisha sheria. Kati ya 1990 na 1993 alikuwa balozi wa nchi yake London, akiiwakilisha pia huko Ufaransa na Ujerumani. Ndiyo, Ujerumani, na safari hii aliingia kwa hati za utambulisho. Alishiriki pia kuanzisha Cotton Tree Foundation, taasisi ya kusaidia maskini wa Port of Spain. Mwaka 2011 alipewa nishani ya juu kabisa ya Trinidad na Tobago, na kambi ya jeshi la anga pale Piarco ikapewa jina lake. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na miaka 96.

Ukitaka kumsoma kwa macho yako, ingia maktaba ya sheria uombe majuzuu ya High Court Digest ya 1967 hadi 1971, yaliyokuwa yakitolewa na Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam. Muhtasari wa kila kesi una tarehe na jina la jaji. Zitenge zilizoandikwa Cross, J. (yaani Jaji Cross), halafu zisome kwa mpangilio wa tarehe, si wa mada. Anza na zile za adhabu, pale hakimu wa wilaya alipompa mtu kifungo na jaji akatakiwa aseme kimezidi au hakikuzidi, kwa sababu humo jaji hana pa kujificha nyuma ya vifungu. Ziweke kando ya za Georges na za Seaton za mwaka uleule. Nakushauri uandike pembeni kila mahali anapokataa ushahidi na sababu anayoitoa. Ukifika kesi ya ishirini hivi utakuwa na mada ya tasnifu yako mkononi, na hutahitaji kuniuliza mimi.